Sura ya Nne: Tangi Hupumulia Juu

Katika duka la samaki wa mapambo, anayeanza ufugaji huuzwa vitu vinne kwa mpigo: tangi la kioo, kichujio, taa, na pampu ya hewa yenye mrija na jiwe lake. Vitatu vya kwanza havina mjadala. Cha nne ndicho huleta ubishi. Muuzaji atakwambia bila viputo samaki hawafiki asubuhi. Rafiki yako aliyefuga kwa miaka mingi atakwambia hajawahi kuwa na pampu, na samaki wake wanazaliana hadi anawagawa kwa majirani. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na sura hii inaeleza inakuwaje.

Samaki huishi katika umaskini wa oksijeni. Lita moja ya hewa tunayovuta ina karibu miligramu 280 za gesi hiyo. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi katika usawa wa bahari, hata ikishiba kabisa haizidi miligramu 8.3. Ni pungufu kwa zaidi ya mara thelathini. Tena niondoe dhana moja inayowapotosha wengi: ile oksijeni ya darasani, iliyoungana na hidrojeni kufanya maji, samaki hawezi kuigusa. Matamvua yake huchukua gesi iliyoyeyuka tu. Mimea ikiwepo humwongezea kiasi mchana. Mbali na hapo, gesi hiyo ina mlango mmoja mkubwa wa kuingilia, nao ni uso wa maji.

Ikishaingia, haiendi mbali kwa nguvu zake yenyewe. Katika maji yaliyotulia oksijeni husambaa karibu mara elfu kumi polepole kuliko hewani. Ukipiga hesabu, inahitaji kama saa saba kushuka sentimeta moja ya maji yasiyotikisika hata kidogo. Kushuka sentimeta kumi si saa sabini, maana muda huongezeka kwa mraba wa umbali: ni karibu mwezi mzima. Bila shaka hakuna tangi lenye samaki linalotulia kiasi hicho. Mikia yao hutibua maji, na tofauti ndogo za joto hufanya maji yapande na kushuka. Lakini hesabu hiyo inatuonyesha penye kazi. Anayeuliza kama tangi lake linahitaji hewa zaidi anapaswa kwanza kutazama kama maji ya chini yanafika juu, na ya juu yanarudi chini.

Hapo ndipo viputo hueleweka vibaya. Tunaviona vikipanda, tunadhani samaki anapumua kutokana navyo. Tupime kwa mfano. Pampu ndogo isukume lita moja ya hewa kwa dakika kupitia jiwe linalotoa viputo vya milimita tatu, katika maji ya kina cha sentimeta 35. Kila kiputo hufika juu kwa takribani sekunde moja na nusu. Kwa hiyo wakati wowote ule, hewa iliyomo ndani ya maji ni kama sentimeta 25 za ujazo, na ukijumlisha ngozi za viputo vyote unapata eneo la sentimeta za mraba 500 hivi. Uso wa tangi lenye urefu wa sentimeta 80 na upana wa 35 una sentimeta za mraba 2,800. Ngozi za viputo hazifikii hata moja ya tano ya eneo hilo. Vinachangia, sikatai, na viputo vidogo huchangia zaidi kuliko vikubwa. Lakini kazi yao kubwa ni kubeba maji ya chini kuyapeleka juu, kisha kupasuka na kuuvunja uso. Kichujio kinachomwaga maji yake kwa kuyaangusha, au ambacho mdomo wake umeelekezwa juu hadi uso ukunjamane, hufanya kazi hiyohiyo bila kiputo hata kimoja.

Kwa sababu hiyohiyo umbo la tangi ni muhimu kuliko bei yake. Lita 60 zilizomo kwenye tangi refu, pana na fupi kwa kimo hupumua vizuri kuliko lita 60 zilizosimamishwa kwenye mnara mwembamba wa kioo unaopendeza pembeni mwa sebule. Mitungi ya duara inayojazwa hadi shingoni ina kosa hilo pia: kadiri unavyoijaza, ndivyo uso unavyozidi kuwa mdogo. Ukiwa na mtungi, ujaze hadi pale ulipo mpana zaidi.

Kuna kitu kingine kinachoziba mlango, na wafugaji wengi huwa hawakioni: utando. Mafuta ya chakula cha samaki, vumbi la jikoni na bakteria hutengeneza ngozi nyembamba inayong'aa juu ya maji yaliyotulia. Tazama uso kwa upande, taa ikiwa imewashwa. Ukiona rangi za upinde wa mvua au vumbi lililokwama lisilosogea, ujue maji yako yamefunikwa. Karatasi safi ya jikoni ikilazwa juu na kuinuliwa huondoa utando huo mara moja, ila utarudi kesho kama uso hautembei.

Ubishi huu una umri wa zaidi ya miaka 170. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliwasilisha mbele ya Chama cha Kemia taarifa ya chombo alichokuwa nacho nyumbani: samaki wadogo wawili wa dhahabu, mmea wa Vallisneria, na konokono wa majini wa kula majani yaliyooza. Mmea ulitoa oksijeni, samaki walitoa hewa ya ukaa iliyorudi kulisha mmea, konokono walisafisha. Wazo hilo la mizani liliwasisimua watu wa wakati ule. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ikafungua jengo la samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani bahari ndani ya chumba. Tangi ambalo mwanadamu halisukumi wala halichujii, linalojitosheleza kwa mimea yake, likawa ndoto ya vizazi kadhaa.

Warington alifanikiwa kweli. Ila wengi waliomfuata walisoma mimea, hawakusoma idadi ya samaki. Samaki wawili wadogo katika chombo cha galoni kumi na mbili ni mzigo mwepesi sana, na wangeweza kuishi kwa uso wa maji peke yake. Karne moja baadaye, mwaka 1949, James Atz wa New York Aquarium aliliita jambo hilo kwa jina lake katika makala iliyotangaza kuwa tangi lenye mizani ni hekaya: kinachowaweka samaki hai ni kubadilishana gesi na hewa ya juu, na mimea ni nyongeza.

Nyongeza hiyo, tena, ina zamu. Mchana, chini ya taa nzuri, mimea iliyositawi huweza kujaza maji oksijeni kupita kiwango cha kushiba, hata utaona vishanga vya gesi vikitoka kwenye majani. Taa ikizimwa, mambo hugeuka. Mimea hupumua usiku kama samaki, na kila kilichomo hupumua pamoja nayo: konokono, mwani, na bakteria wasiohesabika kwenye changarawe na ndani ya kichujio. Hawa wa mwisho tunawasahau. Bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitreti hutumia miligramu nne na nusu hivi za oksijeni kwa kila miligramu moja ya naitrojeni wanayoishughulikia. Ukimwaga chakula cha ziada jioni, unawapa bakteria kazi ya usiku kucha kwa gharama ya pumzi ya samaki. Kwa hiyo maji huwa na oksijeni kidogo kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko, saa kumi na kumi na moja, wakati mwenye tangi amelala. Anaamka na kuwasha taa, mimea inaanza kazi, na kufikia saa tatu dalili zote zimefutika. Tangi la namna hiyo linaweza kuwatesa samaki kila usiku kwa miezi bila mtu kujua, na samaki anayeishi hivyo hukua kwa shida na huugua kirahisi.

Niliposema mlango ni mmoja, nilikuwa nafikiria pia ziwa letu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na bado ni mita mia moja hadi mia mbili za juu tu zenye oksijeni. Chini yake hakuna samaki. Upepo hutibua tabaka la juu, hauwezi kufika kwingine, na maji ya kilindini hubaki bila pumzi. Pwani yake ya mawe, pale mawimbi yanapopiga, kuna samaki wadogo wa jenasi ya Eretmodus, wanaojibana miambani katika maji ya kina kifupi yanayochafuka mchana na usiku. Matamvua yao yamezoea utajiri huo. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaonunua samaki waliotoka Kigoma hujifunza mapema kwamba Eretmodus hawataki tangi lililotulia, hata likiwa safi namna gani.

Sasa nenda upande wa Ziwa Viktoria, kwenye vinamasi vya mafunjo vya Uganda. Huko maji yamejificha kivulini, majani yanaoza, upepo haufiki, na oksijeni ni kidogo mno. Mtafiti Lauren Chapman na wenzake wamechunguza samaki wa maeneo hayo, wakiwemo wale wadogo waitwao Pseudocrenilabrus multicolor, na wakaona kwamba wale wa vinamasini wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa spishi ileile wanaokaa maji yenye oksijeni nyingi. Kinamasi hicho kimewafaa baadhi ya samaki wa asili kama kimbilio, kwa kuwa sangara, mla samaki aliyeletwa ziwani katikati ya karne ya 20, hastahimili maji yenye hewa kidogo. Na katika matope yaleyale kuna kambare, ambaye ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya matamvua yake, na kamongo mwenye mapafu, ambaye ukimzuia asifike juu atakufa kwa kukosa hewa ingawa yumo majini.

Kwa hiyo orodha ya samaki wako ina neno kubwa katika suala hili. Beta na gurami, wageni kutoka Asia wanaouzwa sana mijini kwetu, wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu kama kambare. Beta mmoja katika lita ishirini hana haja ya pampu. Msukosuko mkubwa humchosha, maana mapezi yake marefu hayakuumbwa kwa mkondo. Anachohitaji ni nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko. Gapi wachache wanaridhika na kichujio cha kawaida. Samaki wa dhahabu ni jambo jingine kabisa. Ni mla sana, mchafuzi, jamaa wa maji ya baridi, na sisi tunamweka katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, kisha tunashangaa anapanda juu kupigapiga mdomo.

Joto hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hukaba kutoka pande mbili. Maji ya nyuzi 20 hubeba hadi miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki huenda kasi zaidi, na mahitaji yake huweza kukaribia mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi kumi. Kipato kinapungua huku matumizi yakipanda.

Watu wa nyanda za juu husikia hayo wakadhani wamesalimika. Hapana. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko kanieneo ya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Maji ya nyuzi 22 ndani ya nyumba ya Nairobi hushiba kwa takribani miligramu 7.1, wakati maji ya nyuzi 29 ya Dar es Salaam hufika 7.7. Yaani tangi la mji wa baridi lina uwezo mdogo kuliko la mji wa joto. Mfugaji wa Nairobi akiweka hita na kupandisha maji hadi nyuzi 26 kwa ajili ya samaki wa Tanganyika, anashuka hadi 6.6. Ziwa lenyewe, lililo mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwa joto hilohilo hushiba kwa karibu 7.4. Mfugaji huyo hawezi kuufikia utajiri wa ziwa hata akifanya kila kitu sawasawa, na kwa hiyo hana cha kuchezea. Yeye ningemshauri aweke pampu bila kusitasita, pamoja na kichujio chake, na apunguze idadi ya samaki.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Tangi lenye samaki wachache, umbo pana, na kichujio kinachokunja uso wa maji usiku na mchana halihitaji pampu ya ziada. Kuiongeza hakutadhuru, ila hakutaonekana faida yake. Tangi lililojaa samaki, au refu na jembamba, au la nyanda za juu lenye hita, au la pwani katika miezi ya Januari hadi Machi, au lenye kichujio cha kabatini kinachorudisha maji chini ya uso kimyakimya, linahitaji. Tangi lililo kwenye dawa linahitaji pia, kwani baadhi ya dawa, fomalini ikiwemo, hupunguza oksijeni ya majini. Na tangi la mimea mingi linalopigwa hewa ya ukaa kwa mtungi liwe na pampu inayowashwa taa zikizimwa: mchana ingeifukuza gesi uliyoinunua, usiku inafukuza ile iliyozidi na kuingiza oksijeni wakati mimea imeacha kuitoa.

Kuhakikisha si vigumu. Amka kabla ya alfajiri, usiwashe taa ya tangi, mulika kwa tochi. Samaki walio sawa wako mahali pao pa kawaida, vifuniko vya matamvua vinacheza taratibu. Waliopungukiwa wamejipanga juu, au wamekusanyika penye mdomo wa kichujio, wakitweta. Anayetaka namba anunue kipimo cha matone cha oksijeni, kinachofuata kemia iliyochapishwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, apime jioni na tena alfajiri. Ikibaki zaidi ya miligramu tano alfajiri, samaki wengi wa maji ya joto wako salama. Ikikaribia tatu, usingoje.

Lakini kutweta si ushahidi kamili. Amonia na klorini huchoma matamvua, naitraiti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na vijidudu vya matamvua huziba njia. Samaki hao wote hupanda juu kwa namna ileile. Ukiwasha pampu na baada ya saa moja hali haijabadilika, pima maji kwa amonia na naitraiti, ubadilishe sehemu yake. Pampu inasaidia hapo kwa njia ya pembeni: maji ya bomba yakiwekwa kwenye ndoo na kupigwa viputo usiku kucha huachia klorini ya kawaida. Isipokuwa kama mji wenu hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa hewa na inahitaji dawa ya kuisafisha.

Limebaki suala la umeme, na kwetu ndilo linaloamua mengi. Lita mia za maji yaliyoshiba zina karibu miligramu 800 za oksijeni. Kilo moja ya samaki kwa jumla hutumia miligramu mia kadhaa kwa saa, na bakteria wana hesabu yao juu ya hiyo. Umeme ukikatika jioni, tangi lililojaa lina akiba ya saa chache tu. Katika mikebe ya kichujio iliyofungwa hali ni mbaya zaidi: bakteria humaliza oksijeni iliyomo, huanza kufa, na umeme ukirudi uchafu huo husukumwa wote kwa samaki. Katizo likiwa refu, fungua mkebe, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Usilishe samaki wakati umeme haupo. Ondoa kifuniko. Chota maji kwa kikombe, uyamwage kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya muda. Mkono wako unafanya kazi yote ya pampu. Kama mahali ulipo umeme hukatika mara kwa mara, nunua ile pampu ndogo ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, na uiunganishe na kichujio cha sponji. Kwa hali zetu naiona ni kifaa chenye thamani kuliko taa ya gharama.

Na uiweke mahali panapofaa. Pampu ya hewa iliyo chini ya usawa wa maji, sakafuni au kabatini, ikizimika ghafla huacha maji yapande mrijani, yapite ukingo wa tangi, na kushuka hadi kwenye mashine na waya wake. Itundike juu zaidi ya uso wa maji. Isipowezekana, kata mrija katikati, uchomeke vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Upande wenye alama ya mshale uelekee tangini. Vali hiyo ni ya bei ndogo, huchakaa, na inafaa kubadilishwa mara unapoona tone la kwanza limevuka upande wa pampu.